Jamii Ielekezayo au Jamii Igawiwayo? Uhakiki wa Msamiati wa Kingatiba ya Usubi Vijijini Tanzania

Ikisiri

Makala hii inahakiki msamiati wa Kiswahili unaotumika katika tiba ya ugonjwa wa usubi kwa dawa ya ivamektini, hususani katika maeneo ya vijijini ya Tanzania ambako ugonjwa huo umeota mizizi. Maneno matano yanachunguzwa: usubi, kingatiba, kugawa, kustahili na jamii. Hoja kuu ni kwamba mkakati ulioasisiwa kwa jina la tiba inayoelekezwa na jamii umegeuka, katika usemi wa kila siku, kuwa ugawaji wa dawa kwa jamii, na kwamba badiliko hilo la kisarufi linaakisi badiliko la mamlaka. Makala inaonesha namna msamiati huu unavyoficha mambo ambayo mafanikio ya tiba yanayategemea: urefu wa muda unaohitajika, faida anayoipata jirani, na watu walewale wanaorukwa mwaka baada ya mwaka. Mwisho, yanatolewa mapendekezo machache ya kilugha na ya kiutaratibu.

1.0 Utangulizi

Usubi ni ugonjwa unaosababishwa na mnyoo aitwaye kitaalamu Onchocerca volvulus. Mnyoo huyu huenezwa na nzi weusi wadogo wanaozaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi. Minyoo wakubwa hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi, ambamo huweza kuishi kwa miaka 10 hadi 15. Katika muda wote huo mnyoo jike huzaa minyoo wachanga wasiohesabika, nao husambaa katika ngozi na kufika hata machoni. Matokeo yake ni mwasho usiokwisha, ngozi iliyokunjamana au kupoteza rangi, uoni hafifu, na hatimaye upofu.

Nchini Tanzania ugonjwa huu umekuwa ukipatikana katika maeneo ya milima na mito, yakiwamo Mahenge na Kilosa mkoani Morogoro, milima ya Usambara mkoani Tanga, sehemu za mkoa wa Ruvuma, na Tukuyu mkoani Mbeya. Wakazi wake wengi ni wakulima ambao kazi zao huwapeleka mtoni kila siku.

Maandiko mengi kuhusu tiba ya usubi yametoka katika fani za epidemiolojia na utawala wa afya. Wanaisimu na wahakiki wa Kiswahili wamelitazama suala hili kwa nadra, ilhali tiba hii hufanyika karibu yote kwa maneno. Dawa hupelekwa nyumbani kwa mtu asiyejihisi mgonjwa, naye huombwa ameze vidonge, kisha arudie mwaka ujao, na mwaka utakaofuata, kwa muda unaoweza kuzidi umri wa mtoto aliye shule ya msingi. Hakuna sheria inayomlazimisha. Kinachomfanya ameze ni jinsi alivyoelezwa na jinsi alivyoelewa. Kwa sababu hiyo, kuyahakiki maneno anayoambiwa ni kuihakiki tiba yenyewe.

2.0 Usuli wa Mkakati

Ivamektini ilitokana na kazi ya wanasayansi Satoshi Ōmura na William C. Campbell, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kuitoa dawa hiyo bila malipo, kwa kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wote itakapohitajika. Tangazo hilo liliondoa kikwazo cha bei, likabakiza kikwazo kingine: namna ya kumfikishia dawa kila mwaka mtu anayeishi mbali na zahanati, mwisho wa barabara.

Afrika Magharibi ilikuwa na uzoefu wa namna nyingine. Mpango wa kudhibiti usubi ulioanza mwaka 1974 ulitegemea ndege zilizonyunyizia mitoni dawa ya kuua viluwiluwi vya nzi. Mpango wa Afrika wa Kudhibiti Usubi, uliojulikana kwa kifupi kama APOC, ulianzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya nchi zilizosalia, Tanzania ikiwamo. Huu ulijengwa juu ya wazo tofauti. Tafiti zilizofanyika katika nchi kadhaa za Afrika mnamo 1994 na 1995 zilionesha kuwa wanakijiji wanaweza kuisimamia kazi hiyo wao wenyewe. Wao ndio wangeamua dawa itolewe lini, nyumba kwa nyumba au mahali pamoja, na nani aitoe. Wao ndio wangemteua mtoaji, wangetunza daftari, na kuyapeleka matokeo kituo cha afya. Wataalamu wangefundisha na kusimamia kwa mbali.

APOC ilifungwa mwaka 2015. Tiba ya usubi ikaendelea kuunganishwa na kampeni za magonjwa mengine yasiyopewa kipaumbele, kama matende na trakoma. Muungano huo una mantiki ya kiuchumi isiyopingika. Hata hivyo, ulikuja na kalenda yake, fomu zake na msamiati wake.

3.0 Mkabala wa Uhakiki

Makala hii inatumia mkabala wa Uchanganuzi Hakiki wa Usemi, hasa wazo la Norman Fairclough kwamba matumizi ya lugha huakisi mahusiano ya kijamii na wakati huohuo huyajenga. Vipengele viwili vya mkabala huo vinafaa hapa. Cha kwanza ni uteuzi wa msamiati, yaani neno gani limechaguliwa na lipi limeachwa. Cha pili ni mpangilio wa mtenda na mtendwa, yaani nani anatajwa kuwa anatenda na nani anatajwa kuwa anatendewa. Data ni maneno ya kawaida ya uwanja huu, yale yanayosikika katika matangazo ya kampeni, kwenye mabango ya zahanati na vinywani mwa watoaji dawa.

4.0 Uhakiki

4.1 Usubi: Jina la Mdudu na Jina la Maradhi

Lugha nyingi za kigeni huuita ugonjwa huu upofu wa mtoni. Jina hilo linaitazama ncha ya mwisho ya ugonjwa. Kiswahili kimefanya vingine: usubi kwanza ni jina la wadudu wadogo warukao na kuuma, kisha jina hilo likahamishiwa kwa maradhi wanayoyaleta. Hivyo Kiswahili kinautaja ugonjwa kwa chanzo chake.

Uteuzi huu una faida. Mahali ambapo madhara makubwa ni ya ngozi, jina lenye neno upofu lingewafanya wengi waamini kuwa ugonjwa si wao. Hilo liliwahi kutokea katika ngazi ya kimataifa. Kwa miaka mingi mateso ya ngozi hayakupewa uzito kwa kuwa hayakuwa upofu, mpaka tafiti, zikiwamo za mtaalamu wa Nigeria Uche Amazigo kuhusu wanawake, zilipobainisha jinsi mwasho na ngozi iliyoharibika vinavyomvunjia mtu heshima na matumaini ya ndoa.

Mfano wa Mahenge unaongeza uzito. Katika miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall aliandika habari za wagonjwa wa kifafa wa huko, wakiwamo watoto waliokuwa na hali ya kusinzia kichwa. Tafiti za baadaye zimeonesha uhusiano wa karibu kati ya wingi wa usubi na wingi wa kifafa katika maeneo ya aina hiyo, ingawa namna mnyoo anavyoleta kifafa bado ni mjadala wa kisayansi. Mzazi mwenye mtoto wa kifafa akielezwa kuwa dawa ni ya kuzuia upofu, hataona inahusiana vipi na nyumba yake.

Pamoja na faida hiyo, jina usubi lina ahadi isiyotimizwa. Msikilizaji anayeambiwa kuwa hii ni dawa ya usubi ana haki ya kutarajia kuwa usubi watapungua. Lakini ivamektini haimgusi nzi. Mtu humeza vidonge, akaenda mtoni, akaumwa kama jana. Mapambano dhidi ya mdudu mwenyewe yana historia yake. Huko Kodera, Nyanza nchini Kenya, nzi hao waliangamizwa katika miaka ya 1940 kwa kutia DDT mitoni. Huko jina la mdudu na lengo la kazi vilikuwa kitu kimoja. Katika tiba ya vidonge vimetengana, na utengano huo hauna budi kuelezwa waziwazi. Usipoelezwa, nzi anayeendelea kuuma atakuwa ushahidi wa kila siku kwamba dawa haifanyi kazi.

4.2 Kingatiba: Kinga ya Nani?

Neno kingatiba limeundwa kwa kuunganisha kinga na tiba. Kama istilahi, ni fupi na linatamkika. Tatizo lipo katika sehemu yake ya kwanza. Kwa mzungumzaji wa kawaida, kinga ni kile kinachomlinda yeye mwenyewe asipatwe na ugonjwa, kama chanjo anayochomwa mtoto. Mtu aliyekingwa hategemei kukingwa tena kila mwaka kwa miaka kumi na mitano.

Utendaji wa ivamektini ni tofauti. Dawa hii huua minyoo wachanga walio katika ngozi na kuusimamisha kwa muda uzazi wa mnyoo jike. Haimuui mnyoo mkubwa. Ngozi inapokosa minyoo wachanga, nzi anayemuuma mtu huyo hapati cha kumpelekea mwingine. Kwa hiyo anayemeza hupata nafuu ya mwasho na kuepushwa na madhara zaidi, bali katika suala la maambukizi mapya anayelindwa hasa ni jirani, naye hulindwa pale jirani anapomeza. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hiyo ndiyo biolojia ya ivamektini kwa maneno machache.

Hapa ndipo istilahi inapoficha kiini. Tiba hii ni mapatano ya watu wanaotumia mto mmoja, lakini neno kingatiba linaigeuza kuwa manufaa ya mtu mmoja mmoja. Anayeisikia hivyo huipima kwa mwili wake: siwashwi, sioni ukungu, basi sihitaji. Hoja yake ni sahihi kwa kadiri ya neno alilopewa, na hivyo kosa haliwezi kutupiwa ujinga wake.

Aidha, neno hili halina wakati. Halisemi kuwa mwisho wa kazi hutegemea umri wa mnyoo, na kwamba kusitisha kabla ya kizazi cha minyoo wakubwa kwisha ni kuanza upya. Kijiji kilichoambiwa tangu mwanzo hesabu hiyo kinaweza kuivumilia. Kijiji kinachoona kampeni zikirudi kila mwaka bila kuelezwa ukomo kitaanza kushuku, na shaka hiyo haitaondolewa kwa tangazo la kipaza sauti.

4.3 Kugawa: Suala la Mtenda

Kitenzi gawa kina washiriki watatu: mwenye kitu, kitu chenyewe, na anayekipokea. Katika usemi wa kampeni, mwenye kitu ni serikali au wafadhili, kitu ni dawa, na jamii ni mpokeaji. Tukisema wananchi watagawiwa dawa, tumetumia kauli ya kutendwa na kumfuta mtenda. Tukisema mgawa dawa, tumemtaja mtu kwa tendo la mkono wake tu. Kuteuliwa na kijiji, kutunza daftari, kueleza, na kuwafuatilia waliopata madhara madogo kama vile mwasho na uvimbe, yote yamebaki nje ya jina lake.

Linganisha na jina la awali la mkakati: tiba inayoelekezwa na jamii. Hapo pia kauli ni ya kutendwa, lakini mtenda ametajwa, naye ni jamii. Tofauti kati ya na jamii na kwa jamii ni ya silabi moja. Katika utekelezaji ni tofauti kati ya kijiji kinachopanga na kijiji kinachopangiwa.

Athari yake huonekana wazi katika suala la tarehe. Katika bonde la Kilombero na maeneo jirani, wakulima wengi huhamia mashamba ya mbali msimu wa kilimo, wakaishi huko kwa majuma mengi. Kijiji kinachojipangia kingeepuka msimu huo au kingemtuma mtoaji dawa mashambani. Kampeni yenye siku zilizokwisha kupangwa hukuta milango imefungwa, na daftari huandika kuwa watu hawakupatikana.

Historia ya Tanzania ina kipimo cha kulinganishia. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya takribani watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Ilibuniwa makao makuu, na haingekuwa kweli kuisawiri kama zao la vijiji. Hata hivyo, utaratibu wake uliweka majadiliano kabla ya tendo: kikundi kilisikiliza, kikazungumza, ndipo kikaamua kuchimba choo au kufyeka vichaka. Nafasi hiyo ya mazungumzo ndiyo inayokosekana pale kazi inapoitwa ugawaji, kwa sababu kinachogawiwa hakijadiliwi. Hupokelewa au hukataliwa.

4.4 Kustahili na Kukataa

Dozi ya ivamektini hupimwa kwa fimbo ya urefu, na mtu hupewa kuanzia kidonge kimoja hadi vinne. Mtoto asiyefikia sentimita 90, mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya juma moja, na mgonjwa mahututi hawapewi. Katika daftari hawa huitwa wasiostahili.

Kwa Kiswahili, kustahili si neno la hesabu tu. Ni neno la maadili: anayestahili ana haki, asiyestahili hana. Mwanamke anayeambiwa mbele ya majirani kuwa hastahili ameambiwa jambo zaidi ya lililokusudiwa. Lililo zito zaidi ni la kiutaratibu. Neno wasiostahili linafunga mjadala. Anayeitwa hivyo huondolewa katika orodha na hakuna anayepaswa kumrudia. Mwanamke anaweza kuwa mjamzito katika kampeni moja, akawa amejifungua siku tatu kabla ya nyingine, kisha akawa mjamzito tena. Kwa miaka kadhaa hajameza, ilhali hakuna mahali palipoandikwa kuwa anadaiwa dawa yake. Neno aliyeahirishiwa lingemweka katika orodha nyingine, ile ya watu watakaorudiwa.

Kundi la pili ni la waliokataa. Neno hili hukusanya pamoja watu wa aina nyingi: aliyepata uvimbe mwaka jana akaogopa, asiyeelezwa, mwenye shaka kuhusu nia ya watoaji, na aliyekuwa na njaa siku hiyo. Kukataa ni tendo la mkataaji, na kwa neno hilo lawama yote huwekwa upande mmoja.

Uzito wa suala hili unaonekana katika hesabu rahisi. Tuchukue kijiji cha kubuni chenye watu 1,000, ambako kila mwaka watu 800 humeza dawa. Kiwango ni asilimia 80, ambacho ndicho lengo linalotajwa pale nia inapokuwa kutokomeza ugonjwa. Ikiwa wale 200 wanaokosa hubadilika kila mwaka, baada ya miaka michache karibu kila mtu atakuwa amemeza zaidi ya mara moja. Ikiwa ni wale 200 walewale, minyoo wao wanaendelea kuzaa na nzi wanaendelea kulishwa. Taarifa za vijiji hivi viwili zitafanana neno kwa neno. Daftari linalohesabu vidonge bila kukumbuka watu haliwezi kuvitofautisha.

4.5 Jamii na Jamaa

Neno la mwisho ni jamii. Katika usemi wa kampeni hutumika kana kwamba ni kitu kimoja kilichokwisha kuwapo, chenye sauti moja, kinachongoja kuhamasishwa. Kijiji halisi kina koo, madhehebu, wenyeji na wahamiaji, wenye ng'ombe na wasio nao. Kuuliza jamii imeamua nini bila kuuliza nani alikuwapo mkutanoni ni kukubali kuwa mwenyekiti na wachache walio karibu naye ndio jamii.

Kiswahili chenyewe kinatupa njia ya kutokea. Jamii na jamaa ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya. Jamii imekwenda upande wa umma usio na sura. Jamaa imebaki kwa watu wanaojuana, wanaozikana na kudaiana. Utafiti wa Moses Katabarwa nchini Uganda ulionesha kuwa tiba ya usubi ilifanikiwa zaidi pale mtoaji dawa alipowahudumia watu wa ukoo wake, katika eneo analolifikia bila taabu, kuliko pale alipopewa kijiji kizima. Mzigo wake ulikuwa mdogo, na madai ya malipo yalipungua kwa kuwa alikuwa anawatumikia walio wake.

Matokeo hayo yanagusa pia neno kujitolea. Mtu anayepita kaya mia kwa siku kadhaa, bila posho, akiacha shamba lake, hajitolei kwa namna ileile na mtu anayewapa dawa shangazi na binamu zake jioni moja. Wa kwanza anatumika. Wa pili anatimiza wajibu wa ujamaa kwa maana yake ya asili. Kuwaita wote wawili wa kujitolea ni kuifunika tofauti hiyo.

5.0 Pingamizi na Mipaka ya Hoja

Inaweza kupingwa kuwa uhakiki huu unaipa lugha uzito usio wake. Usubi umeendelea Mahenge baada ya takribani miongo miwili ya dawa ya kila mwaka kwa sababu nzi ni wengi, mito ni mingi na maambukizi ya mwanzo yalikuwa makubwa. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 dawa ilianza kutolewa huko mara mbili kwa mwaka. Niger, iliyothibitishwa na Shirika la Afya Duniani Januari 2025 kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kukomesha maambukizi ya usubi, ilinufaika pia na unyunyiziaji wa mitoni. Inaweza kuongezwa kuwa palipo na mnyoo wa Loa loa, kama katika misitu ya Kongo, ivamektini huweza kumdhuru vibaya mtu mwenye minyoo hiyo mingi, na hatari hiyo haiondolewi kwa istilahi.

Pingamizi hili lina ukweli. Makala hii haidai kuwa maneno ndiyo yaliyowalea nzi. Inachodai ni kidogo zaidi, na kinaweza kutetewa: kwamba msamiati ndio unaoamua ni maswali gani yataulizwa pale dawa inapoonekana kutotosha. Usemi wa ugawaji huuliza kama vidonge vilitosha. Usemi wa tiba inayoelekezwa na jamii huuliza nani hajameza tangu mwanzo, na kwa nini. Kuongeza mzunguko wa pili wa dawa katika mwaka hujibu swali la kwanza. Kama watu walewale watarukwa mara mbili badala ya mara moja, swali la pili litabaki palepale.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa kati ya jina la mkakati na lugha ya utekelezaji wake pana ufa, na kwamba kupitia ufa huo yametoweka mambo matatu: muda, jirani na mtu anayerukwa. Kutokana na hayo, yanapendekezwa mambo manne. Kwanza, maelezo ya kingatiba yataje waziwazi kuwa dawa haimzuii nzi kuuma wala haimuui mnyoo mkubwa, na kwamba anayemeza anamlinda na mwenzake. Pili, neno asiyestahili liondolewe katika daftari na badala yake litumike aliyeahirishiwa, pamoja na tarehe ya kumrudia. Tatu, daftari lioneshe historia ya kila mtu kwa miaka mfululizo. Nne, tarehe na namna ya utoaji dawa viamuliwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na watoaji wateuliwe kwa kadiri ya vitongoji na koo.

Mapendekezo haya hayahitaji dawa mpya. Yanahitaji kalamu, daftari lenye safu nyingi zaidi, na utayari wa mamlaka kurudisha silabi moja iliyopotea kati ya kwa jamii na na jamii. Watafiti wa Kiswahili wana nafasi ya kuliendeleza suala hili kwa kukusanya usemi halisi wa watoaji dawa na wa wale wanaoandikwa kuwa wamekataa, kwa kuwa sababu za watu hao wa pili haziwezi kujulikana kwa kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo.